Mbuzi wa Kitalu cha Sita

Watu wa Mkunya hawampendi Mama Isabela, naye hajawahi kupiga hodi kwa mtu kuomba apendwe. Akipita na jembe lake begani, wanaume waliokaa barazani hukumbuka ghafla kwamba kuna jambo la kutazama upande wa pili. Wanawake humsalimia, lakini kwa sauti ya chini. Yeye huitikia kwa sauti kubwa kusudi. Ana tabia hiyo ya kufanya mambo kusudi, na wala haifichi.

Jina lake la ubatizo ni Veridiana. Alizaliwa Lupaso, upande wa Masasi, kwa baba aliyekuwa na mikorosho mingi na ugomvi mwingi zaidi. Mzee yule aligombana na kila aliyepakana naye, na sababu ilikuwa moja tu: ugonjwa wa unga wa mikorosho hauheshimu mpaka. Jirani asipopuliza salfa, unga unaruka kutoka kwake unakuja kuyaua maua yako. "Shamba si lako peke yako," alikuwa akimwambia binti yake. "Nusu yake ni ya yule mjinga wa pembeni." Veridiana akakua akiamini hivyo, kwamba jambo linalofanywa kwenye kipande kimoja cha ardhi limefanywa pia kwenye kipande kinachokigusa. Akaamini vilevile kwamba majirani ni wajinga mpaka ithibitike vinginevyo.

Imani hiyo ilimfaa alipokwenda chuo cha misitu huko kaskazini. Wenzake walilikimbia somo la kupanga uvunaji kwa hesabu, yeye alilivaa. Unapewa msitu uliogawanywa vitalu, kila kitalu na miti yake iliyokomaa. Unataka upate miti mingi iwezekanavyo, lakini vitalu viwili vinavyogusana havikatwi pamoja, kwa sababu hapo huvuni tena, unafungua jangwa. Kimoja kikikatwa, majirani zake wangoje misimu mitatu, mpaka machipukizi yampite mtu urefu. Haya, utaanza na kipi? Mwenye tamaa huanza na kile kinono kuliko vyote, na mara nyingi ndiye anayeishia kulia, maana kitalu kinono kikiwa katikati, kukikata ni kuwafunga majirani zake wote. Ni hesabu ya ujirani tu. Veridiana aliijua tangu utotoni, ila hakujua kuwa ina mwalimu.

Aliporudi kusini alipangiwa kazi Newala, akaolewa na Cecil, fundi cherehani wa Mkunya, wakamzaa Isabela. Wanakijiji walimwita Bwana Misitu, kwa kuwa cheo hicho hakikuwa na jina la kike, naye akaitika.

Ilikuwa miaka ile ya kufunguliwa milango, kila kitu ruksa. Wanunuzi wa korosho walikuja na mizani zao wenyewe, mitumba ikajaa magulioni, na nyuma ya mitumba zikaja chenso, misumeno ya injini. Kabla ya hapo mtu wa kuangusha mninga alihitaji shoka, siku nzima na wenzake wa kumsaidia. Sasa alihitaji petroli. Hamudi, mfanyabiashara wa mbao kutoka pwani, alikuwa nayo tele. Alikuwa mtu mpole, mwenye salamu ndefu na kofia safi, na kila kijiji alichokisalimia kilibaki na visiki.

Wilaya ikatoa agizo. Kijiji chenye msitu kilete mpango wake wa kuvuna, wa misimu minne. Kitalu kitakachokosa zamu kiandikwe kinangoja mpango ujao, lakini chochote chenye mbao kitakachoachwa nje ya mpango kitatolewa kwa leseni kwa mfanyabiashara aliyeomba. Na aliyeomba alikuwa mmoja, Hamudi, aliyeomba vyote.

Msitu wa Mkunya uliitwa Namkonda. Ulikuwa umekaa kwenye ukingo wa uwanda, pale ardhi inapokatika na kushuka bondeni. Juu hakuna maji. Wanawake hushuka mteremko ule kwenda kwenye chemchemi iliyo chini yake, na hupanda na ndoo kichwani wakiwatukana wazee waliochagua kuishi juu. Miti ya Namkonda ndiyo iliyoushika mchanga wa mteremko. Vitalu viwili vya jirani vikinyolewa kwa pamoja, mvua moja ingetosha kuufukia mdomo wa chemchemi, na hapo wanawake wangebaki na matusi yao tu. Ndiyo maana Veridiana aliutaka mpango ule uwe wake, na uwe sahihi.

Aliyemwongoza kupima alikuwa Lukmani, mwenyekiti wa kijiji, mzee mkavu mwenye macho ya kupima watu, pamoja na wanaume wengine wachache. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika katikati ya msitu, kwenye kitalu alichokipa namba sita. Lukmani akasimama.

"Hapa tunazunguka," akasema, macho yake chini.

Veridiana alilelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza. Mwanamke wa huku akiambiwa na mzee "tunazunguka" kwa macho yale, hazui maswali. Wakazunguka. Miti ikahesabiwa kutoka ukingoni, wanaume wakitaja kwa shingo upande, naye akakadiria ya ndani. Ilikuwa miti ya kutisha, mininga na mikongo ambayo watu wawili wasingeikumbatia wakakutana mikono. Alitakiwa ajiulize imekuwaje miti kama ile ikabaki imesimama katika nchi ya watu wanaohitaji milango na vitanda kama watu wote. Hakujiuliza. Aliona namba nono, na namba nono humpendeza hata aliyesomea kuikataa.

Akapiga hesabu zake uani, juu ya mkeka, mchana kweupe, na nusu ya kijiji ikipita kuchungulia. Alichora vitalu kwa mkaa, akatumia korosho kwa msimu wa kwanza, mbaazi kwa wa pili, kunde kwa wa tatu, njugu kwa wa nne. Jirani yake Stamili, mama yake Hamida, alisimama akamtazama akihamisha mbegu.

"Kumbe ni kama zamu za kuteka maji," Stamili akasema. "Waliogombana huwapi zamu moja."

"Ndiyo hivyo, Mama Hamida. Tatizo huyu wa katikati amegombana na watano."

Wa katikati ndiye sita. Peke yake alikuwa na miti mia moja na hamsini. Vitalu vitano vilimzunguka, na kila kimoja kati yao kiligusa wenzake wawili wa pembeni, hivyo katika vitano usingeweza kukata zaidi ya viwili kwa msimu mmoja. Viwili vilivyo bora, cha nne na cha nane, vilifika mia moja na thelathini na tano kwa pamoja. Mkate sita msimu wa kwanza, majirani zake wangoje, kisha msimu wa nne uwakate nne na nane: jumla mia mbili themanini na tano. Aligeuza, akapindua, hakupata zaidi ya hapo. Akaweka korosho juu ya sita, akabandika mpango kwenye mlango wa ofisi ya kijiji.

Uhasama ulianza kesho yake. Alimwamkia Lukmani shikamoo, na Lukmani akapita. Kwa watu wa huku, shikamoo isiyoitikiwa ni kofi. Alama za rangi alizopaka kwenye miti zikakwanguliwa kwa panga. Matairi ya baiskeli yake yakachanwa, si kuchomwa msumari kama ajali, bali kuchanwa kutoka huku mpaka huku ili ajue. Mpango ukabanduliwa mlangoni, akabandika mwingine, nao ukabanduliwa. Veridiana akajua kinachoendelea, au alijiona anajua: Hamudi amewanunua. Wanaume wa Mkunya wanataka mpango ufe, msitu uende wote, wao wapewe cha kunywa. Akawachukia kwa moyo mweupe.

"Mama Isabela," Cecil akamwambia siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani, "kile kitalu kiache."

"Kipi?"

"Unakijua."

"Nipe sababu, Baba Isabela."

"Sababu sina."

"Mtu mzima na ndevu zako huna sababu?"

Cecil akakanyaga cherehani yake, na sindano ikajibu kwa niaba yake. Tangu siku hiyo alikula akitazama ukuta. Nyumba nzima ikawa na harufu ya ugomvi ambao hakuna aliyeuanzisha.

Basi Veridiana akawafuata wenyewe, mmoja mmoja. Wa kwanza akamwambia mle ndani kuna nyuki wakali wanaoua watu. Wa pili akamwambia ni makaburi ya wageni waliokufa zamani kwa ndui. Wa tatu akasema majoka. Mwingine, mcha Mungu wa kupigiwa mfano, akasema ardhi ni laini, inameza. Alirudi nyumbani akitaka kucheka na kupiga mtu kwa wakati mmoja. Akauchora uongo wao kwenye mchanga wa uani, kila uongo na eneo lake, na hapo mkono ukamsimama.

Nyuki waliishia kwenye mpaka wa kitalu cha sita. Makaburi vilevile. Majoka hayakuwahi kuvuka kwenda cha tano hata kwa bahati mbaya. Watu wakidanganya kila mtu kivyake, uongo wao huenda ovyo ovyo. Uongo huu ulikuwa na ukingo mmoja, umenyooka kuliko mipaka aliyopima yeye.

Ndipo akakumbuka Lupaso, mwaka ambao kaka yake aliondoka nyumbani pamoja na wavulana wa rika lake. Mama yao alipika bila chumvi muda wote huo. Na kulikuwa na upande mmoja wa pori ambako kuni hazikuokotwa tena, hakuna aliyekatazwa, hakuna aliyekwenda. Kwa hiyo ni likumbi. Kitalu cha sita ndipo wavulana wa Mkunya wanapotiwa jandoni, na baba zao walitiwa hapo, na babu zao. Mwanamke hakanyagi, haulizi, halitaji mbele ya wanaume. Na mwanamume anayemwambia mwanamke pale ni wapi amejivua uanaume wake mwenyewe. Yaliyomo ndani hayatuhusu hapa, na Veridiana hayakumhusu pia. Kilichomhusu ni kwamba miti ile ilikuwa minene kwa sababu hiyo, na kwamba yeye, kwa korosho moja, alikuwa ameahidi kuikata.

Hakuona aibu. Aliona hasira. Wangeweza kusema kitalu kile ni cha mwenyekiti. Wangeweza kumwambia apime upya, au wampe mzee mmoja mwongo mwenye akili badala ya kundi la waongo wapumbavu. Walimwacha ajenge mpango mzima juu ya siri yao, kisha wakamchania matairi kwa kuwa hakujua asichoruhusiwa kujua. Alijikasirikia na yeye, kidogo, kwa sababu ya ile namba nono.

Akarudi kwenye mkeka, akamtoa sita. Majirani watano wakapumua. Nne na nane wakaingia msimu wa kwanza. Msimu wa nne wakaingia tano na tisa. Jumla ikawa mia mbili na hamsini. Akaitazama namba ile kwa muda. Kumtoa mnono yule, pamoja na makelele yake yote, kulikuwa kumegharimu miti thelathini na tano tu. Kwa mteremko na chemchemi hakuna kilichobadilika.

Ila agizo la wilaya lilikuwa palepale. Kitalu chenye mbao kikiachwa nje ya mpango ni cha Hamudi. Akikiweka ndani, hata kwa kungoja, siku moja kinakatwa na kijiji. Akikiacha nje, kinakatwa na Hamudi. Njia ya kukiokoa ilikuwa kusema hakina mbao, na aliyekuwa ameandika kwamba kina miti mia moja na hamsini alikuwa yeye.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule, ofisa wa wilaya mbele, wanaume kwenye madawati, wanawake madirishani. Hamudi alikaa karibu na mlango na kofia yake safi. Veridiana akasoma mpango mpya. Alipofika kwenye sita akasema hakina mbao ya kuvuna.

Ofisa akainua karatasi ya kwanza. "Hapa uliandika miti mia moja na hamsini."

"Nilikosea. Imeoza moyo. Ukiigonga inalia kama ngoma."

"Yote?"

"Yote."

Hamudi akasimama taratibu, akasalimia upya watu aliokwisha kuwasalimia. "Mimi nitaichukua hivyohivyo na uozo wake," akasema. "Hasara ni yangu. Naomba tu twende tukaione."

Veridiana akamtazama Lukmani. Wanaume wote mle ndani walijua anadanganya, na walijua anadanganya kwa ajili ya nani. Neno moja la mzee lingetosha: ni kweli, imeoza. Lukmani akainuka, akajifuta midomo.

"Nwanamke huyu hajui kazi," akasema.

Hakumtazama. Alisema na ofisa. "Sisi tulikwenda naye. Tulimwambia, mama, nti huu umeliwa na mchwa, na ule, na ule. Yeye kachoka, kakaa kivulini anakunywa maji. Akaandika anachotaka. Ntu wa kuja, tena nwanamke, mkampa msitu mzima. Mlitegemea nini?"

Wanaume wakacheka. Walicheka zaidi ya ilivyohitajika, wakapiga madawati, na Cecil alikuwa miongoni mwao akitazama mikono yake. Ofisa akaandika. Veridiana alisimama pale mbele na karatasi yake, masikio yanawaka, akimwelewa Lukmani vizuri kabisa. Uongo wake ulikuwa umepata shahidi. Lakini shahidi alikuwa amechagua, katika maneno yote yaliyokuwepo, yale ambayo yangemzika aliyesema kwanza. Aliumia, na hajawahi kusema kwamba hakuumia.

"Bado naomba nikaione," Hamudi akasema.

"Karibu," Lukmani akajibu. "Nitakupeleka mwenyewe. Mimi na hawa."

Wanaume wakasimama, wote, bila kuambiwa. Hakuna aliyecheka tena. Hamudi akawatazama kutoka dawati la kwanza mpaka la mwisho. Hakuwa amefika umri ule kwa kupuuza mambo kama hayo. "Miti iliyooza nitaipeleka wapi mimi," akasema, akakaa.

Mpango ukapita. Kitalu cha sita kikaandikwa hakina mbao, na kimeandikwa hivyo mpaka leo, na kila mwenye macho akisimama ng'ambo ya bonde anaiona mininga yake inavyoyapita mapaa ya miti mingine. Veridiana hakudumu kazini. Ilikuwa pia miaka ya kupunguza wafanyakazi, na yeye alikuwa amejitafutia sababu mwenyewe mbele ya mashahidi: mpimaji asiyejua kupima. Akachukua jembe. Shukrani ya punda ni mateke, Stamili alimwambia, naye akajibu kwamba punda angalau hakusoma.

Alidhani yameisha. Kumbe wanaume walikuwa wamekaa wakatafakari, wakagundua jambo baya zaidi kuliko korosho juu ya sita. Mwanamke huyu amedanganya ili kukificha kitalu. Kwa hiyo anajua.

Wakaja jioni moja kabla jua halijazama, Lukmani na wazee wawili, wamevaa kanzu kama waendao kuposa. Veridiana alikuwa uani anaanua makopa ya mihogo. Mbuzi wake jike, mwenye mimba, alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko.

"Shikamoo, mzee."

Lukmani hakuitikia. "Tumekuja kwa ajili ya faini," akasema. "Mbuzi mmoja. Ni desturi."

"Desturi naiheshimu. Kwa kosa gani?"

"Unalijua."

"Nitalijuaje? Mimi ntu wa kuja, mzee, tena sijui kazi. Ulisema mwenyewe."

Mzee mmoja akakohoa. Cecil alikuwa ameacha cherehani, lakini hakutoka ndani. Njiani, wanawake walikuwa wakipanda kutoka chemchemini na ndoo zao, Stamili mbele. Waliona kanzu, wakasimama. Maji yalikuwa mapya, meupe, yanacheza juu ya ukingo wa ndoo, na hakuna mmoja aliyetua mzigo wake chini.

Veridiana akaifungua kamba kwenye nguzo, akamvuta mbuzi mpaka mbele ya Lukmani, akamnyooshea kamba.

"Faini hulipwa kwa kosa lililotajwa," akasema, kwa sauti ile yake kubwa. "Mbuzi huyu hapa. Sitabisha, sitalia, sitakwenda kushitaki. Litaje kosa, umchukue."

Lukmani akafungua mdomo. Akawatazama wanawake. Kulitaja kosa ni kupataja mahali, na kupataja mahali mbele ya ndoo zile zote kulikuwa ni kufanya mwenyewe, kwa ulimi wake, lile alilokuja kulitoza. Wazee wenzake walikuwa wameshaanza kutazama viatu vyao. Mbuzi akanyoosha shingo, akaanza kutafuna pindo la kanzu ya mwenyekiti.

Veridiana alifurahi. Alifurahi vibaya, kwa matairi, kwa rangi, kwa kicheko cha darasani, na mpaka leo akisimulia hafichi kwamba alifurahi.

Lukmani akalivuta pindo lake, akaondoka. Wazee wakamfuata. Wanawake wakasogea pembeni kuwapisha, wakamwamkia shikamoo kila mmoja kwa zamu yake, na kwa kuwa walikuwa wengi, ilimbidi aitikie marahaba njia nzima. Nyuma yao Cecil akaanza tena kukanyaga cherehani, kisha akasimama, akatoka kumsaidia mkewe kuanua makopa.

Mbuzi yule alizaa mapacha. Sasa uani kwa Mama Isabela kuna kundi zima, wasumbufu, wanakula mihogo ya watu. Lukmani amezeeka, anatembea na mkongojo, na njia yake ya kwenda msikitini inapita palepale. Mara nyingine husimama akawatazama mbuzi. Veridiana humwamkia, kwa sauti kubwa kusudi, kisha huacha anachokifanya akangoja, endapo mzee ana neno analotaka kulisema. Mpaka leo hajalisema.